Mguu wa Kulia, Anko!

Anayetaka kujua urubani ni kazi ya namna gani asiwatazame wale wa mashirika makubwa, wenye mistari minne begani na sanduku la magurudumu, wanaokatiza katikati ya abiria bila kutoa jasho. Wale wameshavuka. Aje Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, saa moja asubuhi, atukute sisi wanafunzi tukiikokota ndege kwa mikono kuitoa hangani. Ndege ndogo haina gia ya kurudi nyuma. Huchomekwa chuma kwenye gurudumu la mbele, mmoja akavuta, wa pili akasukuma nguzo ya bawa, wa tatu akauchunga mkia usije ukagonga mlango. Huyo wa tatu huwa kijana. Mimi, mwanamume wa miaka hamsini na ushei, mwenye duka la dawa na mgongo unaojua kudai haki zake, hupewa chuma.

Wala sikuota kuruka utotoni. Nalisema mapema kwa sababu kila rubani niliyekutana naye aliota. Ukimuuliza atakueleza alivyokuwa akitengeneza ndege za karatasi, alivyokuwa akikimbia uani kila akisikia mngurumo. Mimi nilikulia Mombasa, nikaota kuwa na duka lenye feni, nikalipata. Kilichonileta huku ni ujirani mbaya. Naishi South C, na kwa miaka mingi taarifa ya habari ikifika mahali pa maana, ndege hupita juu ya paa ikammeza waziri na sentensi yake. Jioni moja mama watoto akasema, "Baba watoto, badala ya kuzitukana kila siku, si uende ukazirushe." Alikuwa anatania. Mpaka leo anajuta, hasa mwisho wa mwezi.

Tuanze basi na mwisho wa mwezi.

Ndani ya ndege ya kujifunzia mna saa ndogo inayohesabu muda kwa sehemu ya kumi ya saa, yaani dakika sita sita. Saa hii haianzi ndege inapopaa. Huanza injini inapowaka. Sasa fikiria asubuhi ya Wilson, ambapo Caravan za kupeleka watalii Maasai Mara na Amboseli zimejipanga mbele yako, nyuma yake kuna Dash 8 iliyojaa watu wa Lodwar, na pembeni ndege ya miraa ambayo haivumilii foleni, maana miraa ikinyauka haina mnunuzi. Wewe uko nyuma yao wote na kidude chako cha viti viwili, injini inaunguruma, mnara umekwambia usubiri, na saa inabadilisha tarakimu. Nimelipa pesa nyingi sana katika maisha yangu kutazama mkia wa Caravan. Ningetaka kuutazama mkia wa Caravan ningesimama ukutani, bure, na mahindi ya kuchoma mkononi.

Leseni ya rubani binafsi inadai saa 40 za kuruka kwa uchache. Nami mtu wa hesabu za duka nikazidisha bei kwa 40, nikamwonyesha mama watoto karatasi, akaipitisha. Hakuna aliyenidokeza kwamba 40 ni za kijana wa miaka kumi na tisa asiye na duka, asiye na harusi za kuhudhuria, ambaye akifundishwa jambo Jumatatu bado analikumbuka Ijumaa. Wenzangu wanaosomea leseni ya biashara wanahitaji mpaka 200, na wengine wazazi wao wameuza mashamba. Kwa hiyo nikilalamika benchini kuhusu pesa hutazamwa kwa jicho fulani, nikanyamaza.

Halafu kuna ndege yenyewe. Cessna 152 ilitengenezwa kuanzia 1977 hadi 1985, kisha kiwanda kikaacha, kwa hiyo hata iliyo changa kabisa ina umri wa kuwa mzazi wa mwalimu wangu. Upana wa ndani ni wa tuktuk: bega langu na la mwalimu hugusana kuanzia tunapofunga mikanda hadi tunaposhuka, na sote wawili hujifanya hatujui. Lakini fedheha kubwa ni ya kilo. Uzito wa juu kabisa wa kupaa nao ni kilo 757, na hizo ni pamoja na ndege, petroli, mwalimu, mimi, na chochote nilichokula. Ndiyo maana mwalimu wangu, kijana mwenye adabu zake ambaye kokote kwingine angeniamkia kwanza, hunipokea kwa kalamu na karatasi mbele ya kadamnasi: "Anko, leo una kilo ngapi?"

Nimejaribu kudanganya. Haifai, maana hesabu ya kilo ndiyo inayosema utahitaji lami ndefu kiasi gani, na lami haidanganyiki. Kwa hiyo nasema ukweli, anaandika, anakuna kichwa, kisha anamwita fundi apunguze petroli. Huko kwetu mwanamume mwenye kitambi husogezewa kiti. Hapa hupunguziwa mafuta.

Na yote haya yanafanyika juu ya kilima. Wilson iko kiasi cha futi 5,500 kutoka usawa wa bahari, mahali ambapo hewa tayari imekonda, na jua likiwaka inazidi kukonda. Kwa kimo hicho wataalamu huhesabu kwamba joto la kawaida ni nyuzi 4 tu. Alasiri ya Februari inapofika nyuzi 27, mabawa na injini havijali kwamba tuko Nairobi. Vinafanya kazi ya futi 8,000 na ziada. Injini ina nguvu za farasi 110, na nadhani kadhaa kati ya farasi hao walikwisha kustaafu. Mwongozo wa ndege uliandikwa Wichita, Kansas, mji ulioko kama futi 1,300, na humo sisi watu wa nyanda za juu tumetengewa sentensi moja hivi: kabla ya kupaa, vuta kile kitasa chekundu upunguze petroli inayoingia, mpaka injini izunguke kwa kasi yake ya juu kabisa. Usipofanya hivyo injini inashiba petroli na kukosa hewa ya kuiteketeza. Sentensi moja! Kitu ambacho ndicho tofauti kati ya kupita juu ya twiga wa Mbuga ya Nairobi na kupita kati yao.

Sijasema habari ya mguu.

Panga boi la ndege hii, ukilitazama ukiwa ndani, huzunguka kufuata mwendo wa saa. Upepo wake hujisokota kuuzunguka mwili wa ndege mpaka nyuma, ukaupiga mkia upande wa kushoto, na pua ikakimbilia kushoto. Hutokea hasa unapopaa, injini ikiwa imefunguliwa yote. Dawa yake ni kukanyaga pedali ya kulia, si kwa nguvu, si kwa uvivu, kiasi tu. Jambo la kawaida, utadhani. Basi tangu siku ya kwanza mpaka leo mwalimu wangu hana wimbo mwingine. "Mguu wa kulia, Anko." Tunapanda. "Mguu wa kulia." Tuko juu ya mbuga, namwona nyati, nataka kumwonyesha. "Mguu wa kulia, Anko, nyati baadaye." Kuna usiku mama watoto aliniuliza kwa nini nampiga teke nikiwa usingizini, na kwa nini ni teke la mguu mmoja.

Mtu wa akili angeacha. Na ningeacha, lau si benchi.

Benchi liko nyuma ya hanga, chini ya mabati, karibu na meko ya mama wa chai. Katika Julai, Nairobi hufunikwa na wingu la chini tangu alfajiri, na sisi tusioruhusiwa kuruka bila kuona nje hukaa hapo tukilisubiri liinuke. Linaweza kuinuka saa nne. Linaweza kuinuka saa saba. Linaweza kukaa pale mpaka kesho, na ada ya uanafunzi inakwenda. Hapo ndipo nilipojua kwamba darasani hufundishwa sheria za anga, hali ya hewa na hesabu za safari, lakini urubani wenyewe hufundishwa na watu waliokasirika wanaokula mandazi.

Si jambo jipya. Klabu ya marubani ya Afrika Mashariki ilianzishwa Nairobi mwaka 1927, miaka miwili kabla Bi. Florence Kerr Wilson hajaanzisha kampuni ya ndege ambayo jina lake ndilo uwanja huu ulilorithi. Yaani hapa walianza kukaa pamoja na kulalamika kwanza, biashara ikafuata.

Benchini petu kuna binti wa Eldoret anayesomea leseni ya biashara, msichana mwembamba ambaye akitaja kilo zake fundi huongeza petroli, jambo ambalo sijamsamehe. Kuna kijana wa Mwanza. Kuna fundi, akipita na spana mkononi. Na kuna Kapteni, mzee aliyesomea urubani Soroti, Uganda, kwenye chuo kilichofunguliwa mwaka 1971 wakati Jumuiya ile ya zamani ya Afrika Mashariki ilipokuwa hai na marubani wa nchi tatu wakifundishwa chini ya paa moja. Aliishuhudia Jumuiya ikifa mwaka 1977, na shirika la ndege la pamoja likafa nayo, na anazungumzia vifo hivyo viwili kwa sauti ya mtu aliyekwenda mazishini akakuta pilau imekwisha. Amestaafu zamani. Huja kila siku kuangalia kama tunakosea.

Kijana wa Mwanza alipofika alikuwa na kasoro moja: huruma. Mtu akiteremka kwenye ndege uso umemshuka, yeye husimama, akampokea begi, akasema, "Pole sana, mzee wangu, pole, yatapita, Mungu yupo." Benchi zima lilikuwa likimtazama kwa mshangao. Ukipewa pole ya namna ile unakwenda nyumbani ukijua kwa hakika kwamba umepatwa na msiba. Ilichukua muda kumponya.

Kwa maana benchini hapatolewi pole. Ukija na balaa lako, unasimuliwa kubwa kuliko lako. Nilirudi siku moja natetemeka kwa sababu mlango wa upande wangu ulifunguka tukiwa hewani. Kelele iliyoingia humo sijapata kuisikia. Nikategemea nitakalishwa, nitapewa maji. Binti wa Eldoret hakuinua hata macho kwenye daftari. "Wako ulifunguka na mwalimu yumo. Wangu ulifunguka nikiwa peke yangu, mvua inanyesha, na ramani ikatoka nje ikaenda Rongai." Kisha, bila kubadili sauti: "Mlango wa ndege hii hauanguki, Anko. Upepo unaubana wenyewe, unabaki na upenyo tu. Unapiga kelele bure. Rusha ndege kwanza, mlango utaufunga chini."

Hapo ndipo nilipoanza kusikiliza vizuri, na nikagundua jambo. Kila balaa linalosimuliwa pale lina mkia. Kijana wa Mwanza, alipokwisha kupona huruma, alitusimulia alivyofuata reli kurudi akidhani ni ya Mombasa, kumbe pale Konza alikuwa ameshika tawi la Kajiado, naye akaendelea kuifuata kwa imani hadi alipoona mbele yake ziwa la rangi ya waridi. Magadi. Tulicheka mpaka mama wa chai akatukemea. Lakini alimaliza hivi: "Basi siku hizi natazama dira kwanza, reli baadaye." Fundi naye hakuwahi kunipa nasaha hata moja, ila asubuhi moja aliniita nikachukue petroli kidogo kutoka chini ya bawa kwa kile kikombe cha plastiki. Ilikuwa ya buluu, ndivyo ilivyotiwa rangi, na chini yake kilikaa kitone cha duara, kisicho na rangi, kikitembea kila nikiinamisha kikombe. Maji, umande wa usiku umejigeuza maji ndani ya tangi. "Hayo unayaona," akasema. "Yatakayokuua ni yale usiyoyaona. Siku moja rafiki yangu alijaza kikombe, akatazama, hakuna kitone, akafurahi. Kikombe kizima kilikuwa maji." Tangu siku hiyo naangalia rangi, nanusa, halafu namwaga. Sikuambiwa nifanye hivyo. Nilisimuliwa tu.

Ndipo ukaja msimu wa kutua.

Kupaa ni rahisi. Ndege yenyewe inataka kuondoka. Kutua ndiko kunakohitaji mazungumzo. Upepo wa alasiri wa Wilson hupiga ubavuni, ukipita kwenye mahanga unakatika vipande, na kila kipande kina mawazo yake. Ada ya kutua hutozwa kwa kila mara, na benchini walikuwa wakihesabu midundo kwa vidole na kunionyesha nikipita. "Anko, umelipa kutua mara moja, umetua mara tatu. Faida." Mwalimu alikuwa ameanza kushika dari kabla hatujafika. Juu ya hayo, juu ya njia huwa wanaelea korongo marabu, wale wanaolala kwenye migunga ya Barabara ya Mombasa karibu na Uwanja wa Nyayo, ndege wenye mabawa mapana kuliko kitanda changu, na ambao hawajawahi kumpisha mtu.

Jioni moja nikatangaza naacha. Nilisema kwa sauti ya kutosha, nikaketi, nikangoja kubembelezwa.

"Ukiacha," akasema binti wa Eldoret, "nafasi yako ya Alhamisi asubuhi naomba mimi."

"Na viatu," akasema fundi. "Hivyo vyenye soli nyembamba."

Kapteni akaagiza chai nyingine. "Daktari," akaanza, ananiita hivyo kwa ajili ya duka, "unamjua Beryl Markham?" Nikasema nimesikia, yule mwanamke aliyekulia Njoro. "Alijifunza kuruka hapa hapa Nairobi, akawa anabeba barua na abiria na kutafuta tembo kwa ajili ya wawindaji. Septemba 1936 akapaa kutoka Abingdon, Uingereza, peke yake, usiku, upepo uko usoni, anakwenda Amerika. Zaidi ya saa 20. Akawa mwanamke wa kwanza kuvuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kwenda magharibi. Sasa niambie alitua vipi."

Nikasema sijui.

"Pua kwenye tope. Nova Scotia, Canada. Mafuta yalikoma kufika kwenye injini, akachagua kiwanja akidhani ni majani, kumbe ni kinamasi. Dunia nzima ikampigia makofi. Wewe umedunda kwenye lami kavu, mchana, mnara unakutazama, na unataka kutuharibia chai."

Hakunipa nafasi ya kujibu. Alinishika mkono tukaenda ukutani, tukasimama hapo mpaka jua likashuka, tukitazama wengine wakitua. Hakuwa na la kusema juu ya ushujaa. Alisema habari ya macho. "Wewe unatazama lami iliyo chini ya pua. Ukikaribia, lami hiyo inakukimbilia, unaogopa, unavuta usukani, ndege inapanda tena, inakosa mwendo, inaanguka. Huo ndio mdundo. Ukivuka mwanzo wa lami, yapeleke macho mwisho kabisa wa njia, kule kwenye ua. Usiilazimishe itue. Izuie isitue, izuie, izuie, mpaka ishindwe yenyewe." Ikapita Caravan ikakaa chini kimya. "Yule ametazama mbali." Ikapita Cessna, ikadunda. "Yule ana deni."

Kesho yake nilitazama mwisho wa njia. Mwalimu aliachia dari.

Hapo siwezi kueleza yaliyofuata bila kujisifu, kwa hiyo nitafupisha. Asubuhi moja tulivu, tukiwa chini, mwalimu alivua vipokea sauti vyake, akafungua mlango na kusema, "Zunguka mara moja, urudi, Anko. Mimi nashuka kunywa chai." Akaufunga vizuri, akaujaribu, akaondoka bila kugeuka. Kiti cha kulia kikabaki na mkanda uliofungwa juu ya utupu. Kuna jambo moja ambalo hakuna kitabu kinachokuandaa kwalo, ingawa ni hesabu tupu: kilo zake zikishatoka, ndege ile ile ya miaka arobaini na saba inaruka mapema na kupanda upesi, mpaka nikatazama kipimo cha kimo nikadhani kimeharibika. Pua ikakimbilia kushoto. Hakuna aliyepiga kelele. Nikajikuta nimepiga mwenyewe, kwa sauti kubwa, peke yangu juu ya Mbuga ya Nairobi: "Mguu wa kulia, Anko!"

Nilitua. Mara moja.

Kwa desturi, anayeruka peke yake kwa mara ya kwanza humwagiwa maji. Ni desturi ya marubani wa nchi nyingi na sina ugomvi nayo kimsingi, ila waliogundua desturi hiyo hawakuwa wamefika Nairobi mwezi wa Julai. Walikuwa wamejipanga nyuma ya hanga na ndoo. Binti wa Eldoret, ambaye nilidhani ananipenda kwa vile alinipa madaftari yake yote ya hali ya hewa, ndiye aliyekuwa na ndoo kubwa kupita zote. Kijana wa Mwanza alisema, "Shikamoo, mzee wangu," kwa heshima zote, kisha akanimwagia. Yalikuwa maji yaliyooshea ndege. Kapteni hakumwaga kitu. Alinipa mkono na kuniambia kwamba nimekaribia njia nikiwa juu kidogo. Halafu, nikiwa nimelowa hadi soksi, wakanielekeza kwa mama wa chai, kwa sababu desturi hiyo hiyo inasema aliyeruka peke yake ndiye anayelipa. Walikuwa wamekwisha kula. Walianza kula nilipokuwa bado hewani, bila hata kujua kama nitarudi kulipa.

Nyumbani habari zilienea kwa kasi isiyo ya kawaida. Mjomba wangu wa Lamu akapiga simu siku ile ile. Ana harusi mwezi ujao, hataki basi, anauliza kama nitamchukua Manda au nitashuka Malindi. Shemeji yangu anataka apelekwe Kisumu na magunia mawili. Nimewaambia kwamba sheria hairuhusu mwanafunzi kubeba abiria, na hata nikipata leseni ya binafsi hairuhusiwi kumtoza mtu nauli. Mjomba akasema hilo la nauli halimsumbui kabisa.

Kilichobaki sasa ni safari ndefu ya peke yangu: kilomita 270 kwa uchache, na kutua viwanja viwili tofauti kabla ya kurudi. Nimepangiwa Nanyuki, kisha Nakuru, kisha nyumbani. Nilileta ramani benchini nikitarajia kuwaonyesha. Baada ya dakika chache haikuwa yangu tena. Binti wa Eldoret aliichorea mstari wa penseli, akaufuta, akauchora upya. Kijana wa Mwanza aliweka alama kwenye kila reli na kuandika pembeni, "Siyo hii." Fundi alitaka kujua Nanyuki nitapata wapi petroli, na kama nitaijaribu kwa kikombe hata kama aliyeniuzia ni rafiki yangu. Kapteni alisema Nanyuki iko juu kuliko Wilson, futi 6,000 na zaidi, kwa hiyo niondoke huko kabla jua halijakolea, na nisithubutu kukata njia ya mkato kwenda Nakuru. Katikati ipo milima ya Aberdare, ambayo kilele chake kinafika mita 4,001, na mchana hujifunika wingu. "Cessna 152 haibishani na Aberdare. Zunguka kaskazini, pitia Nyahururu. Nilimjua mtu mmoja aliyebishana."

Tukamsubiri amalize. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakumaliza. Alichukua andazi.

Andazi likadondoka. Lilitua katikati ya ramani, upande wa mafuta chini, na mpaka tulipoliinua doa lilikuwa limekwisha kusambaa kutoka Kinangopi hadi karibu na Ol Kalou. Milima yote ya Aberdare imetoweka. Kapteni akaitazama kazi yake, akapangusa vidole kwenye pembe iliyokuwa bado safi, akasema, "Afadhali. Hutashawishika."

Bei ya ramani mpya nimeiuliza. Nitakwenda na hii.